Kukua kikazi kwenye asasi ndogo ya Tanga: mambo ya kushika kabla mradi haujafungwa

Asasi nyingi za kiraia za Tanga ni ndogo. Kuna mkurugenzi, mhasibu, maafisa miradi wawili watatu, dereva na wajitoleaji. Juu yako kuna cheo kimoja au viwili tu, na mara nyingi aliyekalia kile kikubwa ndiye aliyeianzisha asasi. Kijana anayesubiri kupandishwa ngazi kama mtumishi wa halmashauri atasubiri sana, kwa sababu ngazi zenyewe hazipo. Mradi nao una tarehe ya mwisho, na wakati mwingine hata hiyo tarehe haifikiwi: Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na watu waliokuwa na mikataba halali wakajikuta nyumbani ndani ya wiki chache.

Kwa hiyo usipime kukua kwako kwa jina la cheo. Pima kwa kile utakachoondoka nacho mradi ukifungwa. Kwenye kazi hizi, ujuzi unaotafutwa kila mahali ni wa aina tatu: kusimamia fedha, kukusanya na kusoma takwimu, na kuandika. Vijana wengi wanapenda kazi ya uwandani na kuyakwepa haya matatu. Anayeyashika ndiye anayeitwa pesa mpya zikija.

Wiki ya kwanza: karatasi tatu

Omba mkataba wako, andiko la mradi pamoja na jedwali lake la viashiria (vipimo vya mafanikio ya mradi), na bajeti. Usiridhike na maelezo ya mdomo.

Kwenye mkataba, angalia kama ni wa muda maalumu na unaisha lini, kituo cha kazi ni kipi, majukumu yameandikwa au yameachwa wazi, na mshahara uliotajwa ni kabla ya makato au baada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo haya kwa maandishi. Sheria hiyohiyo inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki na likizo ya mwaka ya siku 28. Kama wewe ni mjitoleaji unayepewa posho, omba barua yenye tarehe ya kuanza na kazi unazofanya. Bila barua hiyo, miaka yako miwili ya kujitolea itakuwa maneno matupu mbele ya mwajiri mwingine.

Suala la makato linawaumiza wengi, basi tulipige hesabu. Mshahara wa 800,000 kabla ya makato: mchango wako wa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) wa asilimia 10 ni 80,000. Inabaki 720,000 ya kutozwa kodi, na kodi yake ni 60,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, yaani 120,000, inakwenda huko. Mkononi unapata 540,000. Ukiulizwa kwenye usaili unataka mshahara kiasi gani, taja kiasi cha kabla ya makato na useme hivyo waziwazi.

Kwenye andiko la mradi, tafuta viashiria ambavyo kazi yako inavigusa. Mara nyingi utakuta viwili au vitatu tu. Viandike mahali unapoviona kila siku, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyopimwa, hata kama hakuna aliyekuambia.

Masurufu

Masurufu ni pesa unazokabidhiwa kwa ajili ya shughuli na kuzitolea hesabu ukirudi. Hapa ndipo sifa ya kijana hujengwa au huvunjika. Mkurugenzi anaweza kusamehe ripoti iliyochelewa, lakini masurufu ambayo hayajarejeshwa yanamfuata mtu hadi kwenye kazi inayofuata, maana mhasibu wa asasi hii anajuana na mhasibu wa ile. Mji ni mdogo.

Anza na makadirio sahihi. Tuseme ni mafunzo ya siku 2 kwa wakulima 30 wa mwani, Mkinga. Bei hizi ni za mfano tu. Nauli ni watu 30 × siku 2 × 5,000, sawa na 300,000. Ukumbi ni 50,000 × 2, sawa na 100,000. Kwenye chakula, usipige hesabu ya watu 30. Mtendaji wa kijiji na mwenyekiti watakuwepo, na nyinyi wafanyakazi mpo watatu, kwa hiyo piga 35 × siku 2 × 8,000, sawa na 560,000. Jumla ni 960,000. Anayeandika chakula cha watu 30 hujikuta akitoa pesa za nauli kulipia sahani za ziada. Hapo kasma mbili, yaani mafungu mawili ya bajeti, zinavurugika kwa mara moja: moja imezidi, nyingine imepungua, na hakuna kibali cha kuhamisha.

Kabla ya kuondoka, mwulize mhasibu jambo moja: mama anayepika chakula hana mashine ya EFD (ya risiti za kodi), nitamlipaje? Kila asasi ina utaratibu wake. Kwa kawaida ni fomu ya malipo yenye jina kamili, namba ya simu, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi, na uthibitisho wa mtendaji. Ukiuliza hilo baada ya kurudi, umechelewa.

Risiti za EFD huchapwa kwenye karatasi inayofifia kwa joto. Ukiziacha kwenye gari au mfuko wa suruali kwa joto la Tanga la Februari, baada ya wiki chache utabaki na karatasi nyeupe. Zipige picha jioni ileile, toa nakala kesho yake, na uandike kwa kalamu nyuma ya kila moja: shughuli, tarehe, mahali. Kagua pia mambo ambayo mkaguzi atayaona kabla yako: tarehe ya risiti isitangulie tarehe ya kibali, jina la asasi liwepo, na idadi ya waliosaini nauli ilingane na orodha ya mahudhurio. Watu 30 kwenye mahudhurio na sahihi 32 za nauli ni tatizo, hata kama hakuna aliyeiba senti.

Rejesha masurufu ndani ya siku ulizopewa, pamoja na chenji. Kama kuna pengo la shilingi 7,000 usiloweza kulieleza, liseme siku hiyohiyo. Pengo dogo lililosemwa husahaulika.

Kusoma bajeti kila mwezi

Mwombe mhasibu akupe kila mwezi taarifa ya matumizi ya shughuli zako. Fanya hesabu mbili: asilimia ya fedha iliyotumika na asilimia ya muda uliopita. Shughuli yenye bajeti ya 6,000,000 kwa miezi 12, ikiwa imetumia 1,500,000 hadi mwisho wa mwezi wa sita wa mradi, iko kwenye asilimia 25 ya fedha wakati asilimia 50 ya muda imekwisha. Jiulize sababu. Je, shughuli zimechelewa, bei zilikadiriwa juu, au kuna malipo yamefanyika ila hayajaingizwa kwenye vitabu? Kila sababu ina dawa yake. Zimechelewa, panga upya ratiba. Bei zilikuwa juu, omba mapema kuhamisha kasma. Malipo hayajaingizwa, peleka karatasi zako.

Mfadhili haoni ubaya kuombwa mabadiliko mwezi wa saba. Anaona ubaya mwezi wa kumi na mmoja, asasi inapokimbizana kufanya mafunzo manne ndani ya wiki tatu ili pesa ziishe. Kijana anayeingia kikao cha mwezi akasema “tuko asilimia 25 kwa 50, na sababu ni hii” anaanza kusikilizwa tofauti.

Takwimu: kosa la kuhesabu mtu mara mbili

Kosa kubwa kwenye asasi ndogo ni hili: mama mmoja amehudhuria mafunzo matatu, na ripoti inasema “wanawake 3 wamefikiwa”. Likitokea kwa vijiji vyote, idadi ya wanufaika huvimba, na mkaguzi akija na orodha za mahudhurio mezani, inaporomoka.

Dawa ni orodha moja kuu ya wanufaika, kila mtu na namba yake. Jina pekee halitoshi. Kijiji kimoja cha pwani kinaweza kuwa na akina Mwanaisha Bakari watatu na akina Hamisi Juma wanne. Andika majina matatu, mwaka wa kuzaliwa, kitongoji na jinsi. Kila mafunzo yakifanyika, tafuta namba ya mtu kwenye orodha kuu, usimwandikishe upya. Kwenye Excel, jifunze mambo manne kwa ukamilifu kabla ya mengine: kuondoa marudio, COUNTIFS (kuhesabu kwa masharti), jedwali egemeo (PivotTable), na kuwekea safu orodha ya majibu ya kuchagua ili mtu asiandike “mwanamke” huku mwingine akiandika “KE”. Haya manne yanamaliza sehemu kubwa ya kazi ya robo mwaka.

Kwa kukusanya taarifa uwandani, KoboToolbox, programu ya madodoso, hufanya kazi kwenye simu ya kawaida ya Android bila mtandao. Majibu unayatuma ukifika penye mtandao. Jaribu dodoso kwa watu watano kabla ya kulipeleka kwa mia mbili. Maswali yanayokwama ni yaleyale kila mara: swali lenye mambo mawili ndani yake, kipato cha “mwezi” kwa mtu anayepata pesa kwa msimu, na Kiswahili cha ofisini ambacho mtu wa kijijini kama Kigombe hakitumii.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaigusa kazi hii moja kwa moja. Mweleze mtu taarifa zake zinakwenda wapi, pata ridhaa yake, na usitume orodha ya majina na namba za simu kwenye kundi la WhatsApp. Picha ya mtoto inahitaji ridhaa ya mzazi.

Ratiba ifuate maji

Sehemu hii ni nadra kuikuta kwenye kozi za mtandaoni, lakini pwani hii ndiyo inayoamua kama mkutano wako utakuwa na watu 30 au 9. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hutoka sana na huwa yamekupwa kwenye saa nne asubuhi hivi. Ndio muda ambao wakulima wa mwani wako shambani, na ndio muda ambao maofisa wengi hupanga mafunzo. Panga siku za maji mafu, ambapo maji hayatoki sana, au alasiri. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa ni kinyume: mbalamwezi ikiwa kali hawatoki, hivyo siku hizo wako nchi kavu. Ukitaka wanaume na wanawake pamoja, kaa na kiongozi wa BMU (kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) na kiongozi wa kikundi cha mwani, mtazame jedwali la maji la mwezi mzima kabla ya kuandika tarehe yoyote. Ijumaa mchana iache.

Kwenye ripoti, usiandike “mwitikio wa jamii ulikuwa hafifu”. Andika kuwa mafunzo yaliangukia bamvua, wahudhuriaji walikuwa 9 kati ya 30, na yamehamishiwa tarehe fulani ya maji mafu. Sentensi ya kwanza inailaumu jamii. Ya pili inamwonyesha mfadhili kwamba unaijua kazi yako.

Kuandika, kwa lugha mbili

Ripoti nyingi za wafadhili wa nje ni za Kiingereza, na wapo vijana hodari ambao hapo hukwama na kumwachia mtu mwingine kalamu. Anayeshika kalamu ndiye anayejulikana kwa mfadhili. Omba ripoti tatu za zamani ambazo mfadhili alizikubali bila kuzirudisha. Zisome kwa kuangalia zimeanzaje, zimeeleza vipi tatizo, zimeweka wapi takwimu. Kisha omba kuandika sehemu moja tu ya ripoti ijayo, ukurasa mmoja, ya shughuli uliyosimamia mwenyewe. Ikirudi na marekebisho, linganisha rasimu yako na ile ya mwisho mstari kwa mstari. Robo mwaka nne za kufanya hivyo zinafundisha kuliko semina ya siku tano.

Kiswahili chako nacho ni mtaji usioudharau. Mtu anayeweza kugeuza mwongozo wa kurasa 40 ukawa karatasi mbili anazozielewa mama wa Moa, bila kupoteza maana, ni adimu. Weka nakala za kazi za namna hiyo.

Daftari la Ijumaa

Kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi, tenga dakika 20 uandike wiki hiyo umefanya nini: kitendo, idadi, mahali, kilichobadilika, na sehemu yako hasa. “Nilishiriki kuwezesha mafunzo” haifai. “Niliandaa dodoso na kusimamia wahojaji 4 waliofikia kaya 120 katika vijiji 3, majibu 7 yalirudishwa kwa makosa na kurekebishwa ndani ya siku 2” inafaa. Wiki ukiiandika ikiwa mbichi unakumbuka namba. Ukisubiri hadi siku ya kutengeneza wasifu, utabaki na maneno kama “kusaidia” na “kuratibu”, ambayo kila mwombaji anayo.

Cheo hutokea kwenye bajeti

Hili ndilo wengi hawaambiwi. Mishahara ya asasi imo ndani ya bajeti za miradi, na bajeti ikishapitishwa na mfadhili, kasma ya mishahara haina nafasi ya kucheza. Ukiomba nyongeza katikati ya mradi, hata mkurugenzi anayekupenda atakosa pa kuitoa. Muda wa kuomba ni pale andiko jipya linapoandikwa.

Ujue pia mshahara wako unatoka wapi. Kama 800,000 yako ni asilimia 60 kutoka mradi mmoja na 40 kutoka mwingine, ule wa kwanza ukiisha kuna 480,000 isiyo na chanzo. Mtu anayelijua hilo miezi sita kabla ana muda wa kutafuta njia. Asiyejua huitwa ofisini Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Jumla ya asilimia zako zote isizidi 100, na karatasi za muda wa kazi zilingane nazo.

Ukisikia wito wa maandiko ya miradi umetoka, mwendee mkurugenzi na utoe mchango kwanza: “Naweza kuandaa sehemu ya takwimu na bajeti ya shughuli za uwandani.” Ukishakubaliwa, ndipo useme: “Kwa kazi ninazofanya sasa za kusimamia wahojaji na masurufu, naomba kwenye andiko hili nafasi yangu iandikwe afisa ufuatiliaji na tathmini.” Nenda na kurasa mbili za daftari lako. Kama mkurugenzi ni mtu mzima uliyemzoea kumwamkia shikamoo, heshima hiyo haikuzuii kuzungumza mshahara; sema kwa adabu, kisha umwachie muda wa kufikiri. Akikataa, mwombe akutajie kinachopungua. Jibu hilo ndilo mpango wako wa miezi sita ijayo.

Kozi na walezi

Usilipe kabla hujamaliza vya bure. Tovuti za Kaya na DisasterReady zina kozi za bure zenye vyeti kuhusu usimamizi wa miradi, ulinzi wa watoto, fedha na ufuatiliaji. Mwongozo wa usimamizi wa miradi wa PM4NGOs unapakuliwa bure. Chagua kozi moja inayogusa kazi uliyonayo mezani mwezi huu na uitumie wiki hiyohiyo. Vyeti kumi na tano visivyo na kazi nyuma yake havimshawishi msaili, kwa sababu atakuuliza ulikitumia wapi. Anayetaka njia ya uhasibu afuate mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu), na anayetaka shahada bila kuacha kazi aulize kituo cha Chuo Kikuu Huria mkoani.

Kupata mlezi wa kikazi, usimwendee mtu na ombi pana la kukulea. Mpelekee swali moja lenye karatasi: “Dada, hii ni bajeti yangu ya mafunzo, nimekwama kwenye kasma ya usafiri, naomba dakika 20.” Akikusaidia, mrudishie taarifa ya ulichofanya na matokeo yake. Baada ya mara tatu nne tayari ni mlezi wako, bila mtu kutangaza. Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri ni mtu wa kujuana naye mapema, na si siku ya kutafuta barua ya utambulisho tu. Yeye ndiye anayejua asasi zipi zinaanza kazi wilayani.

Miezi sita ya mwisho

Miezi sita kabla ya mradi kufungwa, hakiki michango yako ya NSSF. Jumla inapaswa kuwa asilimia 20 ya mshahara, yako na ya mwajiri. Wapo waajiri wanaokata na kuchelewa kupeleka, na kufuatilia ukiwa bado kazini ni rahisi kuliko baada ya ofisi kufungwa.

Miezi minne kabla, chagua wadhamini watatu: msimamizi wako, mtu wa halmashauri au wa asasi mnayoshirikiana nayo, na mmoja aliyeona kazi yako ya maandishi. Waombe ruhusa, na kila ukituma maombi watumie tangazo lenyewe ili wajue wataulizwa nini. Andika wasifu upya kutoka kwenye daftari, kurasa zisizozidi mbili au tatu. Kwenye barua ya maombi, chukua masharti ya tangazo moja baada ya jingine na uweke mfano wenye namba chini ya kila moja. Jiandae pia kwa jaribio la vitendo, kwa mfano kusafisha jedwali la Excel lenye makosa au kuandika muhtasari wa mradi kwa muda mfupi. Tangazo linalodai ada ya usaili au ya fomu ni utapeli.

Mwezi wa mwisho, omba hati ya utumishi, ambayo mwajiri anawajibika kisheria kuitoa ajira inapokoma. Kabidhi kwa maandishi: orodha kuu ya wanufaika, nywila za Kobo, masurufu yaliyofungwa, vifaa na namba zake, kila kitu kikisainiwa na pande mbili. Ondoka na nakala ya fomu ya makabidhiano, mkataba, tathmini zako na mifano ya maandishi uliyoruhusiwa kuchukua. Majina na namba za simu za wanufaika zifute kwenye simu na kompyuta yako, mbele ya anayekupokea.